Springi za upepo huinua pikapu, haziiongezei nguvu

Pikapu za Peugeot 504 zinazoonekana hadi leo katika milima ya chai ya Kericho na Bomet zina udugu na Mombasa. Gari hili liliunganishwa hapa hapa kwetu, katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers kule Miritini, na likaendelea kuuzwa jipya nchini hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kabla ya hapo Safari Rally ilikuwa imeshalitangaza. Mwaka wa 1975 Ove Andersson alishinda akiwa na 504, na mwaka wa 1978 Jean-Pierre Nicolas akafanya hivyo hivyo. Mkulima wa bara aliyeona gari likitoka kwenye tope la mashindano yale hakuhitaji kubembelezwa na muuzaji.

Leo pikapu hizo ni wazee. Pamoja na Datsun, Hilux na Land Rover za rika lake, bado zinapeleka mbolea mashambani, maziwa Sotik, viazi na kabichi katika masoko ya Litein, Silibwet na Kapkatet. Injini hufufuliwa, bodi hupigwa rangi, lakini springi zimechoka. Ukipakia, nyuma inakaa chini kama ng'ombe aliyelala, taa zinamulika vilele vya miti badala ya barabara, na kila shimo linagonga chuma kwa chuma.

Hapo ndipo mwenye gari anaposikia habari za springi za upepo. Mifuko miwili ya mpira inafungwa nyuma, inajazwa upepo, na pikapu inasimama wima kama ilivyotoka kiwandani. Vifaa vyenyewe vinaingia nchini kupitia bandari yetu, na vijana wa Pwani wanaopenda magari ya zamani wanavitamani kwa sababu nyingine: kulishusha gari likiwa limeegeshwa na kuliinua likitaka kuondoka. Wa mlimani anataka kazi, wa Pwani anataka urembo, na wote wawili wanahitaji kuelezwa jambo moja kabla ya kutoa pesa. Springi za upepo huinua gari. Haziliongezei nguvu. Asiyeelewa tofauti hiyo ataijua kwenye mteremko.

Kazi mbili za springi

Nyuma ya pikapu nyingi za zamani, 504 ikiwemo, kuna springi za mabamba: vyuma bapa vilivyopindwa kidogo na kupangwa kimoja juu ya kingine, vikafungwa katikati kwenye ekseli ya nyuma, ile ambayo mafundi wetu huiita difu. Watu wengi hudhani kazi yake ni kubeba mzigo tu. La. Mabamba hayo ndiyo pia yanayoishika ekseli mahali pake. Unapopiga breki, ekseli inataka kurudi nyuma na kujizungusha. Unapokanyaga mafuta, inataka kukimbilia mbele. Kwenye kona, inataka kwenda pembeni. Mabamba yanaizuia kwa kila upande.

Mfuko wa upepo unaweza kazi ya kwanza tu. Unabeba. Haushiki kitu. Ni mpira uliojaa hewa, na ukiuachia ekseli peke yake, ekseli itakwenda itakako.

Kwa sababu hiyo kuna njia mbili za kufunga. Ya kwanza ni kuyaacha mabamba na kuongeza mifuko kati yake na chesisi, ikawa msaada. Ya pili ni kuyaondoa kabisa, mfuko ukabeba mzigo wote. Njia hii ya pili inadai mikono ya chuma ya kuishika ekseli, kwa kawaida minne, au miwili mirefu pamoja na chuma kimoja cha kukingama kinachozuia ekseli isiende kando. Kila mkono una bushi zake, na kila mshono wa kuchomelea ukikatika gari halina tena mshikaji. Anayetaka pikapu ya kulaza chini siku ya maonyesho huenda njia hii, na akipata fundi mahiri anafanikiwa. Anayebeba maziwa alfajiri kwenye utelezi wa Konoin asiiguse. Abaki na mabamba yake, maana siku mfuko ukipasuka, mabamba yatampokea.

Magari makubwa yenye springi za upepo, yakiwemo mabasi mengi ya kisasa ya masafa marefu, hayakutengenezwa kwa kubahatisha. Chesisi, mikono, breki na valvu vilichorwa pamoja tangu mwanzo. Na hata watengenezaji wakubwa wamewahi kuonja uchungu. Cadillac Eldorado Brougham ya mwaka wa 1957, gari la matajiri wa Marekani, ilitoka na springi za upepo, na wamiliki wengi wakaishia kuzing'oa kwa sababu ya kuvuja na kurudisha springi za koili.

Upepo unavyobeba

Hesabu yake ni nyepesi: shinikizo la upepo mara eneo linalosukumwa. Chukua mfuko wenye kipenyo cha sentimita 15. Eneo lake ni kama sentimita 177 za mraba. Ujaze PSI 40, kiwango ambacho dereva yeyote anakijua kutokana na tairi, na kila sentimita ya mraba itasukuma kwa karibu kilo 2.8. Zidisha, utapata karibu kilo 500. Mifuko miwili ni tani moja.

Tani moja kwa upepo wa tairi! Ndiyo maana kitu hiki kinapendwa, na ndiyo maana kinalevya. Mfuko haulalamiki. Springi ya chuma ikizidiwa inakuonyesha: inalala, inagonga, inapasuka bamba. Hiyo ni lugha ya gari, linakwambia limechoka. Mfuko wa upepo unainyamazisha lugha hiyo. Unaongeza gunia, unaongeza upepo, gari linabaki limesimama vizuri, nawe unadhani bado lina nafasi.

Wazee wetu walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nyuma ikiwa juu, mzigo wa pikapu nao huonekana usufi kwa mwenye mali aliyebaki nyumbani. Lakini uzito haujaenda popote. Uko kwenye tairi zile zile, beringi zile zile, nati za magurudumu zile zile, chesisi ile ile yenye umri wa miaka 30 au 40, na breki zile zile.

Breki inapodanganywa

Hapa naomba msomaji asimame kidogo, kwa sababu hili mafundi wengi hawaliambii.

Pikapu nyingi, na Hilux ni mfano unaojulikana, zina valvu ya breki inayopima mzigo. Iko chini, karibu na ekseli ya nyuma, na ina kijiti cha chuma kilichounganishwa na ekseli hiyo. Ukipakia, chesisi inashuka, kijiti kinasogea, valvu inafunguka na kuruhusu breki za nyuma zipate nguvu zaidi. Pikapu ikiwa tupu nyuma iko juu, na valvu inapunguza nguvu ili magurudumu ya nyuma yasijifunge na kuteleza.

Sasa pakia tani moja, kisha jaza upepo mpaka nyuma irudi juu. Valvu haijui kuhusu mifuko yako. Inasoma urefu tu. Inaona nyuma iko juu, inaamua gari ni tupu, na inazinyima breki za nyuma nguvu wakati zinapohitajika zaidi. Breki za mbele zinabeba kazi yote, zinachemka, na kanyagio linaanza kuzama.

Dawa ipo. Fundi anayejua kazi ataupima upya urefu wa kijiti baada ya kufunga mifuko, au ataweka kiwango cha upepo ambacho hakiinui nyuma hadi kimo cha gari tupu. Pikapu iliyopakiwa inatakiwa kushuka kidogo. Asiyeijua valvu hiyo asifunge mifuko kwenye gari lenye valvu hiyo.

Kisha kuna joto. Pikapu yenye uzito wa kilo 2,500 pamoja na mzigo, ikishuka mlima kwa kimo cha mita 100 bila kuongeza mwendo, inapoteza nguvu inayotosha kuchemsha takriban lita 7 za maji. Sehemu ya nguvu hiyo huchukuliwa na injini ukiwa kwenye gia ndogo, na inayobaki huingia kwenye breki. Ongeza nusu tani, inakuwa karibu lita 9. Springi za upepo hazipunguzi hata kikombe kimoja.

Tuliyoyaona makutano ya Londiani, kaunti ya Kericho, tarehe 30 Juni 2023, hayajasahaulika. Lori lililopoteza mwelekeo liliyavamia magari, bodaboda na wachuuzi kando ya barabara, na watu zaidi ya 50 wakafa. Simtaji Marehemu yeyote ili kumtisha mtu kuhusu springi. Nautaja msiba ule kwa sababu unaonyesha kwamba uzito usioshikika hauishii kwa dereva na mwenye gari. Unamfikia mama aliyekaa na ndoo yake ya ndizi.

Kona na paipu moja

Kosa jingine ni la kubana matumizi: kuunganisha mifuko miwili kwa paipu moja na mdomo mmoja wa kujazia. Barabara ikiwa imenyooka huoni tatizo. Ukiingia kona ya kushoto, mwili wa gari unalalia kulia. Mfuko wa kulia unaminywa, upepo wake unakimbilia wa kushoto, na gari linazidi kulala. Upande uliohitaji msaada ndio ulionyang'anywa. Ukiwa na madumu ya maziwa yasiyojaa, maziwa nayo yanakimbilia upande huo huo.

Kila mfuko uwe na paipu yake na mdomo wake. Bei ya paipu ya pili ni ndogo mno kuilinganisha na kona za milimani.

Na wala mifuko haihamishi uzito kutoka nyuma kwenda mbele. Mzigo uliorundikwa nyuma ya ekseli unayapunguzia magurudumu ya mbele uzito, usukani unakuwa mwepesi, na kwenye maramu iliyolowa gari linakwenda moja kwa moja huku umekata kona. Kuinua nyuma kunarekebisha taa na sura. Usukani utapona ukipanga mzigo mbele ya ekseli, karibu na kichwa cha gari.

Kazi yenyewe ifuatwe hivi

Mwanzo ni mizani. Pima pikapu tupu, kisha pima ikiwa na mzigo wako wa kawaida. Linganisha na uzito ulioandikwa na mtengenezaji kwenye kibati chake au kitabu chake. Ukikuta umepita, safari ya springi za upepo imeishia hapo. Punguza mzigo.

Pili, kagua mabamba. Yaliyopasuka au kulala kabisa yabadilishwe kwanza, pamoja na bushi na yubolti zake. Mifuko hufungwa juu ya springi nzima, haifungwi ili kuficha springi mbovu.

Tatu, gonga chesisi kwa nyundo ndogo na usikilize. Hili tunalijua sana sisi tuliozaliwa karibu na maji ya chumvi. Pikapu iliyokaa Mombasa au Malindi miaka mingi inaweza kuwa na rangi mpya juu na kutu ya maganda ndani. Mfuko unasukuma uzito wote kwenye sehemu ndogo ya chesisi, tofauti na mabamba yanayougawa katika ncha mbili. Chuma kilicholiwa kitapasuka pale pale.

Nne, vishikio vifungwe kwa bolti inapowezekana. Tundu likilazimika kutobolewa, litobolewe ubavuni mwa chesisi, si kwenye kingo za juu na chini ambazo ndizo zinazobeba mkazo mwingi. Kuchomelea ovyo kunadhoofisha chuma kando ya mshono.

Tano, mfuko ukae wima na usiguse kitu hata ukiwa umejaa kabisa au umeminywa kabisa. Uwe mbali na paipu ya moshi. Hakikisha mpira wa breki unaokwenda kwenye ekseli haunyooki na kukaza gari likiinuliwa, na kwamba propela haikai kwa pembe kali.

Sita, shoki ziwe nzima. Springi ya aina yoyote hupokea mshtuko na kuurudisha. Shoki ndiyo inayouua. Mfuko mpya na shoki zilizokufa ni mpira wa kuchezea, gari litaruka kutoka tuta moja hadi jingine. Na vizuizi vya mpira vinavyokinga ekseli isigonge chesisi visiondolewe kwa kisingizio cha kutafuta nafasi.

Saba, jaza upepo, paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo na utazame mapovu. Liache gari lilale usiku kucha, asubuhi pima tena kwa geji. Na jambo moja halina mjadala: mtu asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na upepo. Weka stendi za chuma. Mfuko ukitoa pumzi, hautoi onyo.

Baada ya hapo, pima upepo kila asubuhi kabla ya kupakia, kama unavyopima oili. Usiache mifuko bila upepo kabisa, kwa kuwa mpira hujikunja na kujikata. Wala usiijaze kupita kiwango kilichoandikwa na aliyeitengeneza.

Hewa ya mlimani, tope na chumvi

Mji wa Kericho uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina shinikizo dogo kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja kati ya tano. Mifuko iliyojazwa PSI 30 Changamwe itasoma zaidi ya 30 ikifika Kericho, ingawa baridi ya kule huirudisha chini kidogo. Tofauti si ya kupasua kitu, lakini inatosha kukufanya upime upya ufikapo. Kompresa ndogo ya umeme nayo itachukua muda mrefu zaidi mlimani, maana kila pigo lake linameza hewa nyepesi. Usiilaumu wala usiiunguze kwa kuiendesha bila kupumzika.

Adui mkubwa wa kule ni tope. Kericho na Bomet hupata mvua sehemu kubwa ya mwaka, na udongo mwekundu wenye chembe za maramu ukikauka kati ya mfuko na kishikio chake unasaga mpira kama msasa. Osha kila wiki. Adui wa huku kwetu ni chumvi, inayokula viungo vya chuma. Na kwa pande zote mbili, mwenye tangi la upepo alifungue kizibo chake cha chini mara kwa mara amwage maji, kwa sababu hewa yenye unyevu ikibanwa huacha maji, na maji huharibu valvu.

Sheria na bima

Pikapu ya biashara hukaguliwa kila mwaka chini ya NTSA, na Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, haiachi mtu abadilishe gari lake atakavyo bila kujali usalama wake barabarani. Anayeongeza mifuko ya msaada, na zaidi anayeng'oa mabamba na kuchomelea mikono mipya, aulize kituo cha ukaguzi kabla ya kazi, si baada. Aiandikie pia kampuni yake ya bima na atunze jibu. Bima nyingi huweka sharti la kuarifiwa gari linapobadilishwa, na siku ya ajali ndiyo siku karatasi husomwa kwa makini.

Nani anayeamua mzigo?

Pwani na milima ya chai tunaishi kwa kutegemeana. Chai ya viwanda kama Kapkoros, Tirgaga, Mogogosiek na Momul huteremka hadi Mombasa, kwenye mnada uliohamishiwa hapa kutoka Nairobi mwaka wa 1969, na madereva wetu wanapanda na kushuka barabara zile wiki baada ya wiki. Kinachotokea kwenye mteremko wa Kericho hufikishwa kwa simu Kisauni na Likoni.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Springi za upepo si haramu wala si uchawi. Pikapu yenye mzigo halali itapanda vizuri zaidi nazo, taa zitamulika barabara, mayai na maziwa yatafika salama, na mgongo wa dereva utashukuru. Ubaya uko kwa anayezifunga ili apakie zaidi.

Na mara nyingi anayeamua mzigo si anayeendesha. Mwenye mali anataka safari moja badala ya mbili, fundi anataka malipo yake, na kijana aliyeajiriwa juzi ndiye anayekabidhiwa ufunguo na kuambiwa gari liko sawa, tumeliwekea springi mpya. Roho yake ni amana mikononi mwa mwenye gari. Aambiwe kilo ngapi ziko nyuma, aambiwe gari limebadilishwa nini, na akisema mzigo umezidi asikilizwe bila kutishiwa kazi.

Ukitaka kuifunga 504 yako mifuko ya upepo, bismillahi, ifunge. Ila ianzie kwenye mizani, na kilo zilizoandikwa na mtengenezaji zibaki zile zile, hata nyuma ya gari iwe juu namna gani.